Mji Wako wa Kwenye Sinia

Baba Salma,

Salamu zikufike huko uliko, Mola akulaze pema. Nimekwenda kumwona mke mwenzangu.

Unamjua ni nani. Ni ule mji wako wa Uingereza. Jina lake silitaji humu, ulilitaja wewe ya kutosha kwa sote wawili.

Tangu tuhamie Wattaya, hapa Maskati, mwaka tisini na mbili, hakuna mgeni aliyekaa kwenye busati letu akanusurika. Nikileta sinia ya kahawa, wewe unaipanga upya. Sahani ya tende inakuwa uwanja wa soko, na tende moja uliyoisimamisha wima ndiyo ule msalaba wa mawe walipokaa wauza siagi. Dele la kahawa ni mnara wa kanisa. Kisu cha matunda ni daraja, boksi la tishu ni jumba la soko la nafaka, lenye saa inayochelewa. Halafu unaanza: mfalme aliyewapa hati ya kufanya soko kila Jumatano, matajiri wa manyoya ya kondoo waliojenga kanisa, moto ulioteketeza mtaa mzima wa washona viatu. Kahawa inapoa, maana kanisa haliwezi kunyanyuliwa kabla historia haijesha. Ndugu yako Seif akinigeukia: "Shemegi, tunyanyulie hilo kanisa, tunywe." Watu wakicheka. Mimi nikicheka kwa meno tu.

Nilikuwa na wivu, Baba Salma. Sasa naweza kusema. Kule ulikaa miaka saba ya masomo, kwangu ulikaa karibu thelathini, na sikupata kukusikia ukimsimulia mgeni hata jambo moja la nyumba yetu. Siku aliyozaliwa Salma mvua ilinyesha Maskati, watu wanasema baraka, wewe ukasimama dirishani ukasema, "Kama mvua ya Jumatano kule." Niligeuza uso ukutani. Ulidhani nina maumivu, na kweli nilikuwa nayo.

Ukafa. Nilikaa eda, miezi minne na siku kumi, na sinia ile nikaifungia kabatini nisiione. Mwaka jana Salma, anayesoma huko Uingereza sasa, akanikatia tikiti. Nilibeba boksi la halua, maana huendi kwa watu mikono mitupu, japo mwenyewe nilijua nakwenda kwa shari.

Tulifika Jumatano. Mwenye nyumba uliyopanga alikwisha kufa, na pale siku hizi panauzwa miwani. Salma alikuwa na ramani, lakini mimi ndiye niliyetangulia. Kutoka kwenye tende nikashuka mpaka kwenye kisu, kutoka kwenye kisu nikarudi mpaka kwenye boksi la tishu, sikumuuliza mtu njia. Msalaba upo, njiwa wameukalia. Saa inachelewa kweli. Mji ni mzuri, naliandika neno hili kwa taabu.

Halafu hasira zikanipanda. Watu wanauza jibini, wanacheka, wanafunga maua kwenye magazeti. Hakuna aliyejua kwamba umekufa. Miaka yote ile ya kusifiwa, na mke mwenzangu hakufunga hata duka moja kwa ajili yako. Mimi nimekaa eda, yeye je?

Nikamwambia Salma imebaki posta, twende tumalize. Ulikuwa ukimalizia hapo kila mara. Kile kikombe chenye ukingo wa buluu ulikiweka nyuma ya dele, peke yake, ukasema, "Na hapa posta." Kisha unakinyanyua, unakitia kahawa, unanipa mimi: "Shika, Mama Salma." Nilidhani ni namna yako ya kuniambia hadithi imekwisha, nikaanze kuosha vyombo.

Posta iko mbali, Baba Salma. Iko juu ya kilima nyuma ya kanisa, na kilima chenyewe kinaua magoti. Kijumba cha matofali, kipya kuliko vyote, hakina mfalme wala moto. Anayeonyesha wageni historia ya mji ule hawezi kuwapandisha pale. Nikakaa kwenye ngazi nahema. Salma akauliza, "Baba akija kufuata nini huku juu?"

Ndipo ikanijia. Barua zangu. Nilikuwa Unguja kwa baba yangu, umeshaniposa, nakuandikia kila Ijumaa. Na wewe mwenyewe ndiye uliyeniagiza barua zikungoje posta, zisipite mikononi mwa mwenye nyumba. Nilikuwa nimesahau. Wewe ukinikumbusha mbele ya wageni, miaka yote ile, na mimi nakwenda kuosha vyombo.

Halua nilimpa mama wa dirishani pale posta. Alishangaa, lakini alipokea.

Usidhani wivu umekwisha. Umezidi. Mji ule ulikuona kijana, ukipanda kilima kile kwenye mvua kufuata barua yangu, na mimi niliyeiandika sikukuona.

Juzi tulikusomea hitima, nikaitoa sinia kabatini, Seif akaitazama kama anayengoja mtu aipange. Nikaelewa. Nakuahidi hivi: wageni wakija nitawapangia mji wako, pamoja na msalaba wake na kanisa lake, na kahawa ikitaka kupoa na ipoe. Ila mimi nitaanzia posta.

Lala salama, Baba Salma.

Mama Salma