Akinyamaza, Muulizeni

Mwanangu Mwajuma,

Ni mama yako ninayeandika. Ndiyo, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, wala sijamsumbua mwalimu wa kisomo. Ungeiona "a" yangu ungecheka mpaka ukohoe. Ulipokuwa ukinifundisha herufi pale kitandani kwako ulisema ina tumbo kumshinda mjumbe wetu. Bado inalo.

Tangu uondoke mengi yamebadilika hapa Marui. Tumehamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari, sukari tunaipangia foleni duka la ushirika. Lakini si hayo yaliyonishikisha kalamu. Tumeshinda, mwanangu! Mimi na wewe tumeshinda.

Unamkumbuka Tatu wa jirani yetu Bi Pili, yule uliyekuwa ukimbeba mgongoni? Sasa ana miaka minane. Mguu umemvimba vibaya, na madaktari wamesema ugonjwa wake hauponi, kazi iliyobaki ni kumpunguzia maumivu. Nikamsindikiza mama yake hospitalini, kule Kibaha. Nesi akapita akauliza mtoto anaendeleaje. Bi Pili akajibu, "Hajambo, amelala, hata halii."

Maneno hayohayo niliyasema mimi juu yako, tena kwa majivuno, nikawafukuza wageni wasikuamshe. Mpaka siku ile ulipofumbua macho ukaniambia, "Mama, silali. Nikijitikisa inauma, ndiyo maana nimetulia. Na mdomo umenikauka." Wiki nzima nilikuwa nakujibia, kwa kuwa kwetu mtoto hasemi mbele ya wakubwa. Nilikosea, Mwajuma. Linaniuma mpaka leo.

Basi safari hii sikunyamaza. Nikamwambia nesi, "Samahani mwanangu, hebu muulize mtoto mwenyewe." Bi Pili akanikata jicho la kunimaliza. Nesi akainama, akauliza. Kumbe mtoto alikuwa na maneno tele! Dawa ikiisha nguvu mguu unamchoma kama makaa. Akisikia harufu ya maharage anataka kutapika, ndiyo maana hali. Na anaona aibu kuomba poti mbele ya watoto wenzake. Hakuna hata moja ambalo mama yake alilijua.

Sasa dawa anapewa kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Juzi nimemkuta ameketi, anagombana na mwenzake kwa ajili ya kitumbua cha mwisho. Anagombana, Mwajuma! Nilitoka nje nikalia, kisha nikapiga kigelegele peke yangu, hadi mlinzi akaniuliza nani kaolewa.

Nesi mkuu aliponisikia nikisimulia habari zako, akanipa karatasi niandike. Imebandikwa ukutani, wodi ya watoto: "Akinyamaza, muulizeni." Zile "a" zote zina matumbo.

Nakuahidi, kila mtoto nitakayemkuta kitandani nitamuuliza mwenyewe, mama yake apende asipende.

Wewe lala, mwanangu. Safari hii lala kweli.

Mama yako