Atakayelinunua Baadaye

Tarehe 4 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini kondakta wa basi anayebeba barua hii atakukuta mzima, na masikio yako ni yale yale yasiyopatana na simu. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo. Miaka tisa ya kupima mashamba ya watu huku nikirushwarushwa ndani ya pikapu ya ofisi imenitosha. Mama hajambo, anakusalimu, na anauliza kama unakula.

Nimeona gari. Kaa kwanza. Ni saluni ya milango minne, rangi ya fedha, la kifahari na lenye mbio. Najua utakachosema, kwa hiyo nijibu kabla: si lile kubwa. Ni dogo kabisa katika ukoo wao. Kaka zake wakubwa wanapandwa na mawaziri. Hili linapandwa na watu wanaotaka kufanana na mawaziri. Lina miaka kumi na miwili. Nilipoingia nyuma ya usukani nilikaa chini kabisa, miguu mbele, kama mtu aliyewekwa kwenye kiganja. Sikutaka kushuka.

Mwenye yadi ya kuuzia magari wanamwita Spana. Nilipotaja karakana ya chuo ulikofundisha, aliruka. "Mwalimu? Mwalimu ni mjomba wako? Basi wewe si mteja, dada, wewe ni ndugu!" Anasema ulimfundisha miaka mitatu. Ataniwekea gari hadi tarehe ishirini.

Niambie nikague nini. Mama hajui lolote, na asijue kwa sasa.

Mpwa wako mtiifu (inapobidi)


Tarehe 7 Februari

Mpwa wangu, marahaba.

Mimi mzima. Mwambie mama yako nakula, tena nakula vizuri, na kwamba amekuwa akiniuliza hivyo tangu tukiwa watoto na jibu halijabadilika.

Spana namkumbuka sana. Katika wanafunzi wote wa miaka thelathini, hakuna aliyekuwa na mkono kama wake. Nitasema bila haya kwamba mkono wake ni mkono wangu. Hilo limenituliza, maana nilipoona neno "mbio" kwenye barua yako niliivua miwani.

Sasa sikiliza. Gari la kifahari, hata hilo dogo, bei yake hushuka haraka likizeeka, lakini vipuri vyake havina habari kwamba limezeeka. Vinauzwa kwa bei ya ujana wake. Kwa hiyo kulinunua si kazi. Kazi ni kuishi nalo. Hilo ulipime wewe, sitaliingilia. Mimi nitakusaidia kujua kama gari lenyewe linasema kweli.

Nenda asubuhi bila kutoa taarifa. Kabla hata ya salamu, weka kiganja juu ya boneti. Ukiona ina joto, wameiwasha injini mapema ili isikohoe mbele yako. Ondoka, rudi siku nyingine. Ikiwa ya baridi, tazama mwanya kati ya boneti na madigadi, kushoto na kulia. Kiwandani mianya hiyo hutoka sawa. Fundi wa bodi, hata awe hodari, huacha tofauti ya unene wa ukucha. Vuta mkanda wa kila kiti hadi mwisho, uone kama umechakaa mahali pamoja. Tairi nne ziwe za baba mmoja, yaani kiwanda kimoja. Ukiliendesha, tafuta barabara mbovu, zima redio, na usizungumze na mtu.

Mwisho, taa. Zungusha ufunguo hatua moja tu, injini isiwake. Dashibodi itajaa taa. Hesabu mpaka kumi bila haraka, kisha washa injini. Niandikie ipi ilizimika lini, hasa ile ya oili, yenye alama ya birika, na ile ya mifuko ya hewa, yenye alama ya mtu aliyekumbatia puto. Mifuko hiyo ndiyo inayofumuka ajali ikitokea ili uso wako usikutane na chuma.

Sikuambii jibu sahihi. Ndivyo nilivyofundisha siku zote: mwanafunzi akishalijua jibu, huliona hata mahali lisipokuwapo.

Mjomba wako


Tarehe 11 Februari

Mjomba, shikamoo.

Hatujambo. Mama anasema jibu lako la chakula halikumridhisha.

Siku ya kwanza boneti ilikuwa na joto. Nikageuka. Spana akanikimbilia hadi getini: "Dada! Hata chai?" Nikamwambia Mwalimu amesema nirudi kesho. Akakuna kichwa. "Huyo mzee bado yupo vile vile?" Kesho yake nilifika saa moja, walinzi wakipiga mswaki, na boneti ilikuwa ya baridi.

Mianya nimeipima kwa rula ya kazini, usicheke. Upande wa kushoto umezidi, lakini kidogo sana, chini ya milimita moja. Mikanda mizima. Tairi za baba mmoja. Ndani pasafi mno. Usukani kama mpya, mweusi kuliko hata dashibodi. Spana anasema wanaufuta kila asubuhi.

Na mwendo! Nililipeleka kwenye ile barabara ya machimbo, redio nimezima. Linashika kona kama mtu anayejua anakokwenda. Unageuza usukani kidogo na gari zima linakuelewa. Nilisahau kabisa kwamba nina mgongo.

Taa nimezitazama kama ulivyoagiza. Nyingine zilizimika zenyewe moja moja. Ya oili na ya mifuko ya hewa zilibaki. Nilihesabu kumi, nikahesabu tena kumi. Nilipowasha injini zikazimika zote mbili papo hapo, kama mapacha waliolazwa kitanda kimoja. Hakuna iliyobaki ikiwaka.

Nimefaulu?

Mpwa wako


Ujumbe wa simu, tarehe 14 Februari, saa nne asubuhi

Huyu ni fundi cherehani, jirani wa mjomba wako. Amesimama mbele yangu anasema niandike hivi: USILICHUKUE GARI. BARUA INAKUJA.

Ujumbe wa simu, saa nne na dakika ishirini

Mwambie nimelichukua jana. Kulitokea mnunuzi mwingine, Spana akasema hawezi kumzuia. Tumesimama kituo cha mafuta, Mama yuko nami, nampeleka kliniki ya macho. Kuna nini?

Ujumbe wa simu, saa nne na nusu

Anasema mama ahamie kiti cha nyuma na afunge mkanda. Mwende polepole. Akishuka, gari lisibebe mtu tena. Dada, mimi sijui zaidi ya hapo.


Tarehe 14 Februari

Mpwa wangu,

Salamu zitasubiri.

Taa ya mifuko ya hewa hujizimia yenyewe baada ya sekunde chache, injini ikiwa bado haijawashwa. Maana yake mfumo umejikagua ukajikuta mzima. Taa ya oili ni tofauti: hungoja injini iwake. Zikizimika pamoja, taa hizo mbili zimefungwa waya mmoja. Mifuko ilifumuka katika ajali ya zamani na haikurudishwa, na taa ambayo ingekuambia hivyo imefundishwa kudanganya. Usukani huo mweusi ni kifuniko kipya tu.

Ni hila ya mafundi wa zamani, ya wakati ambapo vipuri vilikuwa adimu. Huenda hata Spana aliuziwa gari likiwa hivyo.

Tafuta fundi umeme asiyemjua Spana, afungue. Usiende yadi peke yako.

Mjomba wako


Tarehe 18 Februari

Mjomba,

Nilimpata fundi umeme, mama mmoja mwenye karakana nyuma ya soko la mitumba. Kifuniko cha usukani alikifungua kwa dakika tano. Ndani mlikuwa na kipande cha godoro. Godoro, Mjomba, la sponji, limekatwa vizuri kwa mkasi ili kifuniko kisibonyee. Upande wa abiria, vivyo hivyo. Akafuata waya mpaka kwenye taa ya oili, akatikisa kichwa. "Aliyefanya hii si mbabaishaji," akasema. "Kazi safi. Sijapenda kuiona, lakini ni safi."

Nikaenda yadi naye, nimeshika sponji mkononi.

"Umeniuzia godoro," nikamwambia Spana.

Hakubisha. "Gari linatembea, halitembei?"

"Na Mwalimu akijua?"

Hapo akacheka, na hakikuwa kicheko cha mtu aliyefumwa. "Dada, mwulize Mwalimu nani alifunga waya wa kwanza na nani alimshikia tochi. Mwulize tena siku hiyo aliniambia nini. Akikujibu, rudi tuzungumze."

Mama amekaa kiti hicho cha mbele mara tatu. Mara zote nilimwambia mimi, kaa mbele Mama, uone barabara.

Uliandika "mafundi wa zamani". Ni akina nani? Na kwa nini hukuniambia jibu la taa kwenye barua ya kwanza? Ningeligundua palepale, nikiwa bado nimekaa kwenye gari la mtu mwingine.

Mpwa wako


Tarehe 27 Februari

Mjomba,

Kondakta anasema barua yangu aliiweka mkononi mwako, na kwamba uliisoma ukiwa umesimama.

Nijibu.


Tarehe 2 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako niliisoma kweli nikiwa nimesimama. Nimeanza kuijibu mara sita. Mara tano nilijikuta naeleza bei ya vipuri vya wakati ule, nikachana.

Mafundi wa zamani ni mimi.

Nilikuwa nikifundisha asubuhi, na mchana nikipokea magari ya watu uani kwangu. Mfanyabiashara mmoja wa mbao aliniletea gari lililogonga nguzo. Mifuko ilikuwa imefumuka, mipya ilikuwa iagizwe mbali na ingechukua miezi. Akasema, "Mwalimu, we nizimie hiyo taa tu, inanikera." Ningeweza kutoa balbu. Lakini taa isiyowaka kabisa fundi yeyote angeitilia shaka, na mimi sikutaka kazi yangu itiliwe shaka. Nikakaa nikafikiri, nikaifunga na ya oili, ili iwake na kuzimika kama taa nzima. Hakuna aliyenifundisha. Niliibuni mwenyewe, na nilijivunia.

Spana alikuwa amenishikia tochi. Alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na mitatu, mwenye macho ya kuuliza. Akasema, "Mwalimu, na atakayelinunua baadaye?"

Nikamwambia, "Huyo si mteja wetu."

Nilicheka. Yeye hakucheka mara moja. Alinitazama kwanza, kisha akacheka kwa sababu mwalimu wake amecheka. Katika miaka yangu yote ya kufundisha lile lilikuwa swali bora kuliko yote niliyoulizwa na mwanafunzi, na nililijibu hivyo.

Mfanyabiashara wa mbao aliuza gari lile mwaka uleule. Kwa nani, sikuuliza.

Kuhusu jibu la taa: nilitaka uligundue mwenyewe, kisha uniandikie kwa mshangao, nami nikueleze nikiwa nimeegemea kiti. Nilikuwa nafundisha wakati nilipaswa kukulinda. Na kuna jambo jingine ambalo nimeliona siku hizi tu. Niliposikia jina la Spana, sikutaka kufikiri kwamba taa hiyo inaweza kuwa na kasoro. Mkono wake ni mkono wangu. Niliyaandika hayo mwenyewe.

Ndani ya bahasha hii mna karatasi mbili. Moja ni ya Spana. Sijaifunga, isome kwanza, umpe mkononi. Ya pili inaeleza nilichofanya, kwa gari lipi, na nilimfundisha nani, nimetia sahihi. Ukiipeleka polisi, nitakuja kusimama nayo. Sikuombi uichome.

Wala sikuombi jingine lolote.

Mjomba wako, ikiwa bado


Tarehe 9 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mimi sijambo. Gari halipo nami, nitaeleza.

Nilikwenda yadi na yule mama fundi umeme. Spana alikuwa akimpigia mteja hadithi ya gari jeupe, mkono juu ya boneti. Nikampa karatasi. Akaisoma palepale juani. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Yule mteja akakohoa, Spana hakusikia.

"Kasema hivi mwenyewe?" akaniuliza. "'Swali lako lilikuwa sahihi na jibu langu lilikuwa la uongo.' Mwalimu kaandika hivi?"

"Ni mwandiko wake. Unaujua."

Aliikunja ndogo, akaitia mfuko wa shati. Nikadhani ndiyo basi. Kisha akamgeukia yule mteja. "Kaka, hili jeupe siuzi leo." Mtu wa watu akahamaki: tangu saa mbili yupo hapo, amekwisha kulipenda! Spana akawapigia kelele vijana wake: "Jeupe hili, na lile jeusi la pembeni, na ile pikapu! Yatoeni mstari wa mbele! Sasa hivi!"

Matatu, Mjomba, yote yenye waya wako. Pamoja na langu, manne. Hayo ni yaliyokuwa yadi siku hiyo. Yaliyokwisha kuuzwa hajui yako wapi, au hajataka kusema. Karatasi yako ya pili ninayo. Nimempa hadi mwisho wa mwezi anipe orodha ya walionunua. Asipoleta, nitaitumia, nawe utakuja kusimama kama ulivyosema.

Langu limebaki kwake mpaka mifuko ifike, na mama fundi ataikagua kabla sijagusa ufunguo. Nikae nalo au nilirudishe, sijaamua. Nikipita pale bado moyo unanienda mbio, nalichukia kwa hilo.

Na wewe bado nimekukasirikia. Nakuambia ili usidhani shikamoo ya juu imemaliza mambo.

Mama nimemsomea barua zote, hata zile nilizomficha. Nikangoja alie, au anitukane kwa ajili ya gari. Mwishowe akasema, "Nilijua. Hali chakula huyo." Sasa anafunga vyombo vya chakula.

Tunakuja Jumamosi kwa basi. Uwe umeandika kwenye daftari namna zote unazozijua za kulidanganya gari, moja baada ya nyingine, nimpelekee mama fundi. Na safari hii andika na majibu.

Mpwa wako, na mteja wako