Mama Hajawahi Kuniona Nikifa

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumamosi maana kichwa changu kimegoma. Mimi ni mwigizaji wa filamu, uso wangu unaujua, na kama si kwa uso basi kwa vifo, kwani tangu nianze kazi hii sijawahi kufika mwisho wa filamu nikiwa hai, nimepigwa risasi, nimelishwa sumu, nimezama mtoni, hata watoto wa mtaani wananiita Marehemu nami naitika. Sasa mama yangu mzazi huja kila uzinduzi, amependeza kweli, lakini muziki ukianza tu kuwa mzito anachukua mkoba wake anatoka nje, na kumbe majirani wakimwuliza iliishaje anawasimulia, nimemsikia mwenyewe nikiwa jikoni, "Walimtoa mtoni, akatapika maji, sasa hivi ana duka la vitambaa na mabinti wawili," na majirani wanashusha pumzi, wala sijui hayo anayatoa wapi, na natamani sana kujua zile filamu nyingine alizimalizaje. Jumamosi tunazindua filamu yangu ya mwisho, nastaafu, mama ndiye mgeni rasmi, kiti cha mbele katikati, na akinyanyuka pale waandishi wataandika kwamba filamu imemshinda hata mama mzazi. Mwongozaji anasema mlango ufungwe. Mke wangu alinishauri nimwambie mama ni maigizo tu, nikamwambia, akanitazama akasema, "Hilo nalijua, mwanangu. Kuna lingine wewe hulijui." Lipi hilo? Nifanyeje?

Marehemu

Ndugu Marehemu, pole, halafu nikuseme kidogo. Umekufa miaka yote hiyo watu wakikupigia makofi, mmoja tu ndiye aliyekataa kuona, na huyo ndiye unayetaka kumfungia mlango? Usilolijua ni hili: kumtazama mtoto uliyemzaa akifunikwa shuka, hata kama shuka lenyewe ni la maigizo.

Waandishi waache waandike, ndiyo kazi yao. Mwongozaji mwambie ukumbi si jela. Wewe piga simu leo, omba viti viwili vya pembeni, karibu na mlango. Filamu yako unajua inavyoisha, uliicheza mwenyewe. Muziki ukianza kuwa mzito, usisubiri mama achukue mkoba. Uchukue wewe, mshike mkono, mtoke. Kaeni kwenye benchi la nje, umwulize taratibu, "Mama, ikawaje?" Halafu nyamaza, usikilize unavyoishi.