Tuta la Kwanza Linisubiri

Uswidi, mwisho wa Juni

Kwa mdogo wangu Skolastika, Mwazye

Tumsifu Yesu Kristu, mdogo wangu. Shikamoo yako imenifikia, na marahaba yangu iko ndani ya bahasha hii. Magoti yanasemaje? Najua kwa sasa kipupwe kimebana huko, upepo unakausha midomo na kila mtu amejifunga khanga mbili au koti la mwenzake. Ulezi umeshapurwa? Umebakiza wa mbegu kwenye kile kibuyu, au wajukuu wameumaliza kwa uji? Mimi ni mzima. Nyonga inasumbua asubuhi, kisha inazoea. Macho bado yananitii, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama jikoni. Mara ya pili nilikaa. Mara ya tatu nilishika kalamu, nisije nikasema baadaye kwamba sikukuelewa. Ulisema: "Kaka, miaka arobaini na moja nimekufungulia tuta. Mwaka huu magoti yamekataa. Ukija kabla ya mvua za kwanza, shamba la mtoni utalifungua mwenyewe. Usipokuja, nampa Zenobi apande mikaratusi yake, nami nipumzike." Kisha ukacheka kidogo, ukakohoa, ukakata simu.

Kicheko hicho nakifahamu. Ndicho alichokuwa anacheka mama akishaamua jambo.

Kwa kuwa najua ni Oliva, mjukuu wako, anayekusomea, nimweleze yeye kidogo. Oliva, wakulima wengi wa kwetu hupeleka mbegu kanisani zibarikiwe mvua zinapokaribia. Nyumba yetu ina lake la ziada, tulilorithi kwa bibi mzaa bibi yako. Ulezi hausiwi kabla mzaliwa wa kwanza hajabomoa tuta la kwanza, lile ambalo majani yalifukiwa chini yake tangu masika yaliyopita yakaoza na kuwa mbolea. Anapiga jembe mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Anasali. Ndipo wengine wanaruhusiwa kushika majembe. Mzaliwa wa kwanza ni mimi. Bibi yako amekuwa akipiga yale majembe matatu badala yangu tangu nilipokuja huku kusomea misitu. Nilisema nitakaa miaka mitatu.

Sasa, Skola, nikueleze kilichotokea katika wiki mbili hizi zilizopita, maana ndicho kilichonifanya nikujibu kwa barua. Simu ningeweza kuikata.

Huku wakati huu ni majira ya joto. Baada ya miezi ya theluji na giza watu wanatoka nje kama siafu. Shule zinafungwa, watoto wanaimba kanisani wakiwa wamevaa nyeupe, na kila parokia ina ibada yake ya kuyakaribisha majira haya, Jumapili iliyo jirani na sikukuu ya kuzaliwa Yohane Mbatizaji. Sisi Wakatoliki ni wachache katika mji huu. Tunasali nje, kwenye nyasi karibu na ziwa, kisha tunakula pamoja. Mwaka huu paroko wetu, Mpolandi mmoja mpole, aliniambia, "Mzee Kletus, wewe ndiye mkubwa kuliko sote. Utuandikie sala ya kukaribisha majira ya joto."

Niliikubali kazi hiyo kwa furaha. Nilikaa na Biblia siku nne. Nilichukua ile ahadi aliyopewa Nuhu baada ya gharika, kwamba kupanda na kuvuna, baridi na joto, mchana na usiku havitakoma. Nilichukua Zaburi inayomsifu Mungu anayeijia nchi na kuinywesha, akilainisha matuta yake kwa manyunyu. Kisha nikaandika sala yangu, nikaipeleka kwenye kikao cha maandalizi.

Katika kikao tulikuwa wanne: paroko, mimi, Ingrid, na Mama Furaha. Ingrid ni mjane wa hapahapa anayelima viazi, mikono yake ukiiona utadhani ni shangazi yetu. Mama Furaha ni jirani yetu halisi, mtu wa Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na tunaongea Kiswahili kila mtu kwa namna yake. Nikasoma. Nilipofika mwisho, mahali niliposema, "Na utujalie, Bwana, mvua kwa wakati wake," kikao kizima kikacheka.

"Mzee," paroko alisema huku akifuta miwani, "siku hiyo tuna chakula nje. Tunaomba jua!"

Mama Furaha ndiye aliyenimaliza. "Papa Kletus, ninyi watu wa Sumbawanga mukiomba mvua, inakuyaka na radi! Acha watoto wetu wakule kwanza."

Nikamwambia radi zetu za kutumwa hazina pasipoti, haziwezi kufika huku. Akasema, "Radi ya kwenu inaombaka pasipoti kwa nani?" Tulicheka hadi Ingrid akataka atafsiriwe.

Lakini sala sikuibadilisha. Paroko alipendekeza tuweke somo kutoka Wimbo Ulio Bora, pale kijana anapomwita mpenzi wake atoke nje kwa kuwa baridi imepita na mvua imekwisha. Ni somo zuri, na hapa wanalipenda sana. Je, unakumbuka katekista alivyolisoma kigangoni mwezi wa pili, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele? Mama alisimama katikati ya watu, mtoto mgongoni, akasema, "Mwalimu, hilo kalisome mwezi wa tano. Usituharibie mahindi." Na katekista, maskini, akafunua ukurasa mwingine.

Niliwasimulia kisa hicho kikaoni. Ingrid peke yake hakucheka. Alisema mvua haijanyesha wiki tano na viazi vyake vimesinyaa. "Iacheni sala ya mzee kama ilivyo," alisema. Basi ikabaki, na somo la mvua kwisha likabaki pia, tukakubaliana tusome vyote viwili. Mungu ataamua.

Jumapili ilifika. Anga lilikuwa safi, hakuna hata wingu la ukubwa wa kiganja. Nilivaa koti langu la ndoa, na mfukoni niliweka kile kifuko cha ulezi ulichonitumia na yule sista aliyekuja kusoma huku. Ulisema niupikie uji. Sikuupika. Nimeuweka kabatini miaka sita, nikifungua mara mojamoja kunusa. Nilifikiri kwamba nikifika kwenye maneno ya mbegu nitauinua mkononi kama tulivyokuwa tukiinua ungo, watu waone ninachokisema.

Nikasoma hivi:

"Ee Mungu uliyeweka majira, tunakushukuru kwa kuwa umetufikisha hapa. Umetuvusha kwenye baridi bila kutuhesabia makosa yetu. Tunakukabidhi joto hili na kila mtu atakayefanya kazi ndani yake. Wape watoto michezo, wape wagonjwa hewa safi, wape walio mbali na kwao njia ya kurudi. Bariki mbegu iliyo ardhini na ile iliyo bado mkononi. Na utujalie mvua kwa wakati wake."

Waliitikia amina. Hata Mama Furaha, ingawa alitazama juu kwanza.

Mvua haikunyesha, kama ulitaka kujua. Tulikula viazi na samaki juani hadi vipara vikatuuma. Baadaye Ingrid alikuja kukaa nami kwenye benchi akaomba kuziona mbegu. Nikammwagia kiganjani. Alizigeuza kwa kidole, polepole, kama mtu anayejua thamani ya kitu kidogo.

"Zinapandwa lini?" aliuliza.

"Mwisho wa mwaka. Mvua zikishatulia."

"Zitaota hapa?"

"Hapana. Joto halitoshi."

"Kwa hiyo mvua uliyoomba ni ya shamba lililoko kwenu."

"Ndiyo."

"Nani atalilima?"

Nilisema, "Mdogo wangu." Kisha nikaigusa simu mfukoni, maana sauti yako ilikuwa bado humo. Nikasema, "Magoti yake yamechoka."

Ingrid alizirudisha mbegu kwenye kifuko zote, hata moja iliyonasa kwenye kidonda cha kidole chake. Akasema, "Mimi sijawahi kumwomba Mungu mvua kisha nikamwachia jembe pia."

Hakusema kwa ubaya. Ni mkulima. Lakini Skola, nilirudi nyumbani kwa miguu, nami huwa napanda basi. Miaka yote hii nimekuwa hodari wa sala. Nimekutumia sala kwenye kadi za Krismasi, sala za mbegu, sala za mavuno, nyingine nilizipiga chapa kabisa ziwe na mistari mizuri. Wewe ulikuwa unazisoma ukiwa umepiga magoti kwenye udongo, na ni magoti hayo yanayouma leo. Mke wangu Kerstin alipokuwa hai nilisema siwezi kumwacha. Alipofariki nikasema nangoja kaburi lipate jiwe. Jiwe lilipowekwa nikasema nyonga. Sababu zote zilikuwa za kweli. Lakini ukizipanga pamoja, zinafanana na ukuta niliojenga mwenyewe, tofali moja moja.

Jumatatu nilikwenda kukata tiketi. Nitafika Dar es Salaam katikati ya Oktoba, nipumzike siku mbili, kisha Mbeya, kisha Sumbawanga kwa basi la mchana. Daktari nimemwona. Alinipa vidonge na karatasi ya mazoezi, akasema nitembeetembee ndani ya ndege. Mwanangu Maria ndiye aliyekuwa mgumu. Alikuja na watoto, akakaa mezani hajavua hata koti.

"Baba, miaka sabini na tatu. Unakwenda kufa huko?"

"Nakwenda kulima," nikamwambia.

"Kulima na hiyo nyonga?"

"Majembe matatu tu. La nne atapiga mwingine."

Alilia kidogo, kisha akaanza kuniuliza huko kuna baridi kiasi gani mwezi wa kumi, nikajua amekubali. Ananifumia sweta. Usimcheke ukiliona, lina kulungu kifuani.

Sasa mambo ya kutenda, na nakuomba uyashike kama nilivyoyaandika.

Zenobi, mtoto wa marehemu baba mdogo, mwambie kwa heshima kwamba shamba la mtoni lina mtu wake. Mwambie pia kwamba nimefanya kazi ya misitu maisha yangu yote na siongei kwa wivu: mikaratusi kando ya kijito kile itakunywa maji hadi vyura wahame. Kama anataka miti, nitatembea naye kule mlimani kwenye mawe nimwonyeshe pa kuipanda, na nitamsaidia kuchagua mbegu. Asinione adui. Ni kijana mchapakazi kuliko nilivyokuwa mimi.

Jembe la mama, lile lililolika upande mmoja, usilinunulie mbadala. Litiwe mpini mpya tu, mrefu kidogo kuliko ule wa zamani. Mgongo wangu hauinami kama unavyoukumbuka.

Tuta la kwanza, lile la pembeni karibu na jiwe, lisiguswe na mtu. Mvua zikija mapema nami sijafika, wengine mpande mahindi kule juu, lakini hilo lisubiri. Nina haya kulisema, maana limesubiri miaka arobaini na moja, ila naomba wiki chache zaidi.

Na jambo la mwisho ndilo nililolifikiria sana. Ulipokuwa ukifungua tuta badala yangu, ulipiga jembe na ukasali, vyote viwili. Safari hii tugawane. Mimi nitashika jembe, kwa kuwa hilo ndilo deni la mzaliwa wa kwanza. Sala usali wewe. Utaletewa kigoda ukae pale kwenye jiwe, ungo wa mbegu mapajani, na usalie kwa maneno yako uliyozoea, siyo yangu ya kwenye kadi. Kile kifuko cha ulezi nitakirudisha, tukichanganye na mbegu zako. Kama zimekufa kwa kukaa kabatini, udongo utatuambia. Mimi nitasimama, nitainama nitakavyoweza, nami sitapiga jembe la kwanza mpaka niisikie sauti yako.

Nisalimie mume wako, shemeji yangu, mwambie aache kujifanya hasikii, nitampima mwenyewe. Nisalimie mama mdogo Gaudensia aliyetulea mama alipougua, umbusu mikono kwa ajili yangu. Wasalimie wanajumuiya wote wanaokuja kusali kwako kila wiki, na katekista mpya ambaye sijamwona. Mwambie Wimbo Ulio Bora ausome mwezi wa tano. Oliva, ahsante kwa kusoma hadi hapa. Bibi akilia, mpe maji, halafu msomee tena ile sehemu ya radi.

Kaka yako anayekuja kushika jembe lake,

Kletus