Kompyuta Inasema Mama Hakunizaa

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ujue anayekuandikia si mtu wa kuokotwa, mimi ndiye fundi bomba ambaye siku moja nilizuia mafuriko ya mtaa mzima kwa kidole gumba hiki hiki, mashahidi wapo ingawa wamehama, sasa mpwa wangu wa zahanati anaisajili familia yetu kwenye kompyuta ili mama yangu apate kadi ya kutibiwa macho, nami nikampa tarehe yangu ya kuzaliwa ile ile niliyompa mchumba wangu mshonaji, nimepunguza miaka mitatu tu, mara skrini ikawaka nyekundu, mpwa akasema, "Mjomba, inasema mama yangu alizaliwa, miezi minne baadaye ukazaliwa wewe, na si mapacha," nikamjibu, "Bibi yako mwanamke hodari, hakawii," akasema, "Mjomba, hata hodari hungoja miezi tisa," nikamwomba aizime hiyo kanuni ya kompyuta inayokagua tarehe, kagoma, faili la ukoo limekwama, mama anapapasa ukuta kutafuta mlango, na keshokutwa mchumba ndiye anayempeleka zahanati, nikiisahihisha ataiona tarehe ya kweli aniache, nifanyeje?

Fundi Kidole Gumba

Fundi, pole, halafu aibu! Mama yako ajifungue mara mbili ndani ya miezi minne ili wewe uitwe kijana? Kanuni hiyo haikuwekwa kukuchongea. Ndiyo inayozuia mtoto kuandikwa kazaliwa kabla ya mama yake, mgonjwa kuruhusiwa kabla hajalazwa, na wawili kupewa kitanda kimoja usiku mmoja. Ikizimwa kwa ajili yako, kesho mama ataandikwa kapasuliwa jicho kabla ya kupimwa, na mtu ataamini. Wewe huing'oi valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma eti kwa kuwa imekuzuia wewe. Mpe mpwa tarehe ya kweli leo. Kisha nenda kwa mshonaji, aisikie kinywani mwako kabla ya kuisoma kwenye skrini. Na usianze na habari za mafuriko.

Mshauri, nimetii. Kadi ya mama imetoka. Mchumba alicheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni. "Umri wako niliujua siku uliyoleta suruali nikuongezee kiuno," akasema. "Harusi ipo. Ila na ile ya mafuriko uniambie kweli."

Nikamwambia. Bomba lile nililipasua mwenyewe.