Kicheko Chako Kilikuwa Shavuni Mwangu

Mwanangu Tumpe,

Wamenipasua. Nimeona nikuambie mwenyewe, maana najua ungegomba: mbona hukuningoja, Mama? Ningekungojaje, mama? Wewe umelala hapa nyuma ya nyumba kwenye migomba, na ule uvimbe wa chini ya sikio ulikuwa unazidi.

Uliuacha ukiwa kama mbegu ya kakao. Uliugusa kwa vidole vyako ukasema twende ukapimwe, tukakubaliana tukishavuna mpunga. Kabla hatujavuna, lile gari likaacha njia kule milimani, wewe ukiwa ndani. Hilo siliandiki. Mkono unakataa.

Watu bado wananiita Mama Tumpe. Wengine wameanza kuniita Bibi Neema, eti kwa huruma. Naitikia, lakini moyo unabaki nyuma. Neema wako ulimwacha hana jino hata moja, sasa kinywa kimejaa, anatembea, anaongea, anabisha. Baba yake yuko Tunduma kwenye kazi, anapiga simu, anatuma sukari na sabuni. Mtoto nalala naye mimi.

Basi nikuambie kilichonitesa. Sikuogopa kufa. Niliogopa kupoteza kicheko.

Unajua walivyokuwa wakisema, wewe na mimi tunacheka sawasawa. Kinaanzia kushoto, shavu linapanda, jicho linafinya, ndipo mwanya unaonekana. Siku zile za msiba, tumekaa chini na wanawake, shangazi yako akateleza neno la kuchekesha bila kukusudia, nami nikacheka. Nyumba nzima ikaangua kilio. Walikuona, Tumpe. Tangu siku hiyo nikajua umebaki wapi. Na uvimbe ulikuwa palepale, kushoto.

Mwingine angeogopa kisu tu. Mimi nilijua na kilichopita chini yake, kwa sababu yako. Likizo ile, ulipokuwa unasomea udaktari wa meno, ulinikalisha kwenye kigoda, ukachukua wanja wangu. "Tulia Mama, nina mtihani." Ukaanza chini ya sikio. Ukasema neva ya uso inatoka hapa ikiwa moja, inaingia kwenye tezi ya mate, na humo ndani inagawanyika. Ukachora mistari mitano: mmoja kwenda kipajini, mmoja jichoni, mmoja shavuni, mmoja chini ya mdomo, mmoja shingoni. Nikakuambia, mbona huu ni mfereji unaogawa maji majarubani! Ukapiga makofi. "Hapo hapo, Mama! Ukiziba mfereji mdogo, jaruba moja linakauka. Ukiziba kule juu kabla haujagawanyika, shamba lote limekwisha." Ukaniambia anayepasua jipu la taya hushuka kama vidole viwili chini ya mfupa ndipo akate, kwa kuuogopa ule mstari wa mdomo. Ukapima kwa vidole vyako shingoni mwangu. Vilikuwa vinanuka vitunguu. Bado navihisi.

Halafu nikasahau kunawa, nikatoka kwenda kuanua kakao. Mama Gwamaka wa jirani akapiga yowe: "Mama Tumpe! Umeingia ngoma gani uzeeni?" Nikamwambia nimechorwa na daktari. "Daktari au paka?" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Na unakumbuka ulipoanza kazi, umepanga chumba kule Bondeni, ukanipigia simu unalia? Ulikuwa umemchoma mzee mmoja sindano ya ganzi ili umng'oe jino, sindano ikaenda nyuma mno, ganzi ikaifikia neva. Jicho lake likagoma kufumba. "Mama, nimeharibu uso wa mtu." Ukalifunika jicho lisikauke, ukakaa naye. Mimi nilipiga magoti jikoni mpaka ugali ukaungua. Ukapiga tena: "Limefumba! Mama, limefumba! Ilikuwa imelala tu."

Maneno hayo ndiyo niliyoyabeba kwenda hospitali. Imelala tu.

Daktari wa huko ni mpole, kijana bado. Nilimuuliza, "Mwanangu, ule mfereji utaupitaje?" Hakunielewa, nikamchorea kwa kidole shavuni mwangu, mistari yote mitano. Akatabasamu. "Nani kakufundisha, Mama?" Binti yangu. "Anafanya kazi wapi?" Tumpe, nilimwambia uko nyumbani.

Akanieleza taratibu. Kwamba ataitafuta neva kwanza, pale inapotoka, kabla hajaugusa uvimbe, aifuate tawi kwa tawi. Lakini uvimbe umeliegemea tawi la shavuni na kulikaribia la mdomo, hawezi kuniahidi. Nikauliza, nikiuacha? Akasema utakua, na iko siku unaweza kugeuka kuwa mbaya, uile neva yenyewe na mengine. Nililia usiku kucha. Asubuhi nikasaini, kwa ajili ya Neema tu. Nani angemlea?

Nilipozinduka akasimama mbele yangu. "Inua nyusi, Mama. Vizuri. Fumba macho. Vizuri. Sasa nionyeshe meno." Nikamwonyesha. Nikauona uso wake kabla hajasema kitu. "Sikuikata," akasema. "Imevutika, imechoka. Inaweza kurudi baada ya miezi. Inaweza isirudi yote."

Majibu ya uvimbe yalikuja mazuri, si saratani. Watu wote wakasema ndaga fijo, Kyala, asante sana Mungu. Nami nilishukuru, kwa nusu ya uso.

Chai inanichuruzika kushoto. Dagaa wa usipa nawatafunia upande mmoja. Kanisani nafunika mdomo kwa khanga, wanadhani jino linaniuma. Na jina lako, mwanangu, linataka midomo ibane pale katikati, na yangu haibani vizuri. Nakuita, unatoka upepo. Daktari alinipa mazoezi ya kufanya mbele ya kioo, kila siku. Nilifika nyumbani nikakigeuza kioo kikatazama ukuta.

Juzi ndiyo imenileta kwenye karatasi hii. Kuku aliruka akatua ndani ya sinia la mchele, akateleza, Neema akacheka. Nikamtazama. Mdomo ulipanda kulia tu. Kushoto ameutuliza, kwa bidii, kama mtu aliyebeba maji asiyetaka yamwagike. Nilidhani nakufa. Nikamwambia fumba macho, akafumba yote mawili. Puliza moto, akapuliza, mashavu yote yakajaa. Mtoto mzima kabisa. Alikuwa ananiiga mimi.

Mama Gwamaka alikuwepo. Akasema polepole, "Sasa mwenzangu, atamuiga nani? Kwani ana mwingine wa kumtazama?"

Nilikuja hapa kwako migombani, nikalia mpaka sauti ikakauka. Nilificha mdomo nikidhani nakulinda wewe, kumbe namfundisha mwanao uso usio wako.

Leo asubuhi nimekigeuza kioo. Nilimpakata Neema, tukajitazama sote wawili. Nikaweka kidole kwenye pembe ya mdomo wangu wa kushoto nikausukuma juu, juu, mpaka shavu likapanda na jicho likafinya. Nikamwambia, "Hivi. Mama yako alicheka hivi." Alinitazama sana. Akanyoosha mkono akashika shavu langu, kisha lake. Halafu akacheka. Kilianzia kushoto, Tumpe. Ulipita pale, mwanangu, nilikuona.

Nikaondoa kidole. Uso wangu ukaanguka. Wake ukabaki juu.

Nilifurahi. Nisikudanganye lakini, niliumia pia, maana wewe niliyekuwa nakubeba shavuni umeshuka, umemwendea mwanao, na mimi nimebaki mtupu kwa mara ya pili. Ndivyo inavyopaswa, nadhani. Sijui. Ungekuwepo ungeniambia.

Sitaufunika tena mdomo mbele yake. Nitafanya yale mazoezi yote, nikunje midomo, nipulize, nijivute kama mwendawazimu. Neva ikiamka, tutashukuru. Isipoamka, nitacheka kwa kidole, kila siku, ili Neema asisahau.

Wingu limekuja upande wa ziwani na mpunga uko nje kwenye turubai, acha nikauanue. Lala, Tumpe wangu. Lala vizuri, mama. Jina lako nitaliita hivyohivyo kwa upepo, wewe itikia tu.

Mimi mama yako