Neva ya Saba Imelala

Alhamisi. Ukungu wa hapa Nyarero umefika mpaka mlangoni, na baridi yake ni ya kuuma. Niko chumbani, na chumbani ndiko nitakakoshinda.

Nimeolewa! Nikiliandika neno hili moyo bado unaruka. Wiki ya tatu sasa mimi ni mke wa Chacha, mwanaume anayenikorogea uji akidhani mama yake haoni. Ningeweza kujaza ukurasa kwa habari za mikono yake tu. Lakini leo lazima niandike habari za uso wangu.

Upande wa kulia hausogei.

Ilianza Jumatatu. Niliamka mdomo mzito, chai ikanichuruzika kidevuni. Chacha alikuwa amesafiri kwenda Mugumu. Na huku ukweni, mkamwana mpya haangaliani na baba mkwe. Akipita uani unajifunika kanga, unainamisha kichwa, hucheki ovyo. Baba alikuwepo nyumbani, kwa hiyo nilishinda nimejifunika. Mama mkwe alifurahi kweli. Nilimsikia akimwambia jirani, "Huyu binti wa Morotonga ana adabu. Hata meno yake hujayaona!"

Kumbe nilikuwa nashindwa kucheka.

Nilijiambia ni baridi tu, nisije nikaonekana bibi harusi wa kulalamika. Jana Chacha aliporudi akanifunua kanga ili anibusu, akaganda. Hakuuliza mtu, tukaenda hospitali mjini.

Daktari, mama mcheshi wa Tanga, alinieleza kwamba kuna jozi kumi na mbili za neva zinazotoka kwenye ubongo wenyewe, kila moja na kazi yake. Akaanza kuzipima. Nikanusa kahawa. Nikafuata kidole chake kwa macho. Nikauma meno, nikatoa ulimi, nikapandisha mabega. Zote nzima. Kisha akasema, "Haya bibi harusi, kunja uso kama umemkuta mumeo na mwanamke mwingine."

Ukakunjika nusu.

"Una bahati, kaka," akamwambia Chacha. "Huyu atakununia upande mmoja." Tulicheka wote watatu. Halafu Chacha akageukia dirishani, akajifuta macho.

Si kiharusi, alisema, maana kiharusi mara nyingi huliacha paji la uso likikunjika. Ni neva ya saba, inayosogeza uso. Imevimba, ikabanwa ndani ya njia yake nyembamba ya mfupa. Ndiyo maana jicho halifumbiki, sukari haina ladha upande mmoja wa ulimi, na jogoo wa hapa anawika kama yuko ndani ya sikio langu. Amenipa vidonge vya kupunguza uvimbe. Hufaa zaidi vikianzwa mapema, na sisi bado hatujachelewa sana. Wengi hupona, kwa wiki au kwa miezi.

Wengi. Si wote.

Naielewa neva hiyo. Na mimi nimebanwa. Mama mkwe ameamua nisitoke mpaka uso urudi, watu wasije wakasema bibi harusi karogwa, au kwamba nyumba hii ina jambo. Hasemi kwa ubaya. Maziwa ya mgando ananiletea mwenyewe. Lakini akitoka, mlango anaurudishia.

Jana usiku Chacha alinifumba jicho kwa plasta kabla ya kulala, halafu akanipapasa shavu. Daktari alisema kuhisi ni kazi ya neva ya tano, na yangu ni nzima. Basi nilisikia kila kidole chake. Jibu ndilo halikutoka. Jamani, kumpenda mtu hivi na kushindwa kumtabasamia!

Nisipopona je? Nitakaa humu mpaka lini?

Nilimwomba Chacha anisemee kwa mama. Akasema, "Nitasema, mke wangu. Ila mama akinisikia mimi atajua nakuonea huruma. Akikusikia wewe atajua unataka kutoka."

Kweli kabisa. Kesho asubuhi nitamwambia mama mimi mwenyewe kwamba Jumapili naenda kanisani na mume wangu, uso wazi. Herufi b na p zinanitoroka siku hizi, kwa hiyo maneno yatatoka yamepinda.

Yatoke hivyo hivyo.